Uso Kuvimba Asubuhi: Tuzungumze Kuhusu Chujio la Figo

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Kinyerezi, Dar es Salaam)

Wewe unayesoma ukiwa Mbagala, Mwananyamala au kwingineko, sogea tukae pamoja, maana jambo lenyewe linakuhusu.

Umewahi kumwona mwenzako anakuja darasani asubuhi uso umevimba, hasa kuzunguka macho, halafu jioni uvimbe umeshuka miguuni mpaka soksi zinamwachia alama? Nyumbani wanasema kanenepa. Jirani anasema karogwa. Akiwa msichana, wataanza kunong'ona kwamba ni mimba, na maneno hayo yanauma kuliko ugonjwa wenyewe. Mara nyingi hakuna anayefikiria kuuangalia mkojo wake.

Hebu twende jikoni kwanza. Ukishakuna nazi unaikamua kwenye kifumbu: tui linapita, chicha inabaki. Figo zako zinafanya kazi ya namna hiyo, ila kwenye figo kinachobaki ndicho cha thamani. Kila figo ina vichujio vidogo mno, kama milioni 1 hivi. Kwa siku moja vinachuja karibu lita 180 za maji kutoka kwenye damu, yaani madumu 9 ya lita 20! Karibu yote hurudishwa mwilini, na unachokojoa ni lita 1 hadi 2 tu. Chembe za damu na protini hazitakiwi kupita.

Nani anazizuia? Mlinzi mmojawapo ni seli iitwayo podosaiti, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mguu. Imeukumbatia mshipa mdogo wa damu kama pweza alivyokumbatia jiwe. Miguu yake ina vidole. Sasa ingiza vidole vya mkono wako wa kulia katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, usione haya, fanya tu. Seli hizi zinapishana na jirani zao hivyo hivyo, na katika kila mwanya kuna utando mwembamba sana. Protini moja inayoushikilia utando huo inaitwa nefrini. Watafiti wa Ufini waliitambua mwaka 1998 walipochunguza watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa figo.

Vidole hivyo vikilegea na kulala bapa, utando unaharibika na protini inamwagika kwenye mkojo. Mkojo unatoa povu kama la sabuni. Damu iliyopungukiwa protini haishiki maji vizuri, figo nazo zinabana chumvi, basi maji yanajaa kwenye nyama. Huo ndio uvimbe.

Lakini nani anavilegeza? Mara nyingi ni askari wetu wenyewe, yaani kingamwili, wale wanaotulinda na vijidudu. Mnawajua mgambo wakifukuza wamachinga: meza inayovunjika pengine ni ya mama ntilie ambaye hakuwemo kabisa. Mwilini hutokea hivyo hivyo. Umepata vidonda vya koo au upele uliokunwa mpaka ukaota usaha. Kingamwili zinapambana na vijidudu, kisha mabaki ya vita yanakwama kwenye chujio na kuleta uvimbe humo. Wiki 1 hadi 3 baada ya koo kuuma, au hata wiki 6 baada ya vidonda vya ngozi, mkojo unakuwa kama chai ya rangi. Watoto wengi hupona wakihudumiwa. Ndiyo maana nasisitiza kutibu upele, jambo ambalo wengi wenu mnalichekea.

Afrika Mashariki tuna historia katika jambo hili. Miaka ya 1960, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Kibukamusoke na wenzake waliona kwamba watoto wengi waliovimba hivi walikuwa na aina ya malaria ambayo homa yake hurudi kila baada ya siku tatu. Siyo ile malaria kali tuliyoizoea. Tatizo ni kwamba dawa ya malaria iliua vijidudu, lakini figo zilizokwisha kuumia kwa kawaida hazikupata nafuu.

Kuna njia nyingine, nayo kwangu ndiyo inayoshangaza zaidi. Askari anaikosea podosaiti yenyewe na kuiona adui. Mwaka 2009 watafiti wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba katika ugonjwa mmoja wa figo wa watu wazima, kingamwili zinashika protini iliyopo juu ya podosaiti. Mwaka 2022 wengine wakaonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili dhidi ya nefrini, ule ule ushikizo wa mwanya! Kwa hiyo seli hizi si wapita njia walioumizwa kwa bahati mbaya tu. Wakati mwingine ndizo zinazolengwa. Na ubaya wake, podosaiti zikifa ni shida sana kupata nyingine mahali pake.

Hapo ndipo penye hatari. Dawa inayotumika sana ni prednisoloni, inayowatuliza askari. Inafanya kazi kwa wengi, lakini inaleta njaa, chunusi na uso wa mviringo. Kijana anachekwa shuleni, anaona uvimbe wa miguu umekwisha, anaacha vidonge kimya kimya. Tafadhali usifanye hivyo! Kuiacha ghafla kunaweza kukuangusha, na ugonjwa unaweza kurudi. Mwambie daktari kinachokukera, atapunguza dozi taratibu. Na wewe mwenye mdomo mrefu, usimwite mwenzako "maputo".

Figo zikichoka kabisa, mtu husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Muhimbili walifanya upandikizaji wa figo wa kwanza Novemba 2017, nalo ni jambo la kujivunia, lakini gharama yake familia nyingi za huku kwetu haziiwezi.

Kipimo cha kuanzia ni rahisi ajabu: kijikaratasi kinachochovywa kwenye mkojo, dakika chache tu, rangi inaonyesha kama kuna protini. Nenda zahanati na mkojo wa asubuhi, sema wazi, "Naomba nipimwe protini."

Msichana mmoja aliuliza, "Je dada, kila povu ni ugonjwa?" Hapana. Mkojo ukitoka kwa kasi hutoa povu, likapotea mara moja. La kutilia shaka ni lile linalobaki dakika kadhaa, siku baada ya siku, hasa kama macho nayo yamevimba. Mvulana wa nyuma akauliza kama dawa za mizizi zinasafisha figo. Nikamjibu kwamba nyingine zinaziumiza, na diklofenaki za kununua ovyo dukani pia, hivyo ukiwa umevimba usimeze chochote kabla mkojo haujapimwa.