Mnyama Hajui Dau Lako

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Kitui na Makueni katika mwezi wa Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote.



Najua saumu imetukamata na jua la huku kwetu halina huruma, kwa hivyo sitawaweka mpaka adhana. Nimeombwa nizungumze juu ya kamari. Mada hii mmeisikia kila mwaka. Mnajua ni haramu, mnajua aya iko Suratul Maidah, na bado baada ya Taraweh kuna kijana anatoka hapa anatoa simu mfukoni anaangalia "mkeka" wake. Basi leo tuingie kwa mlango mwingine. Tumwangalie mnyama.

MBIO ZILIKOTOKA

Sote tunazijua mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3000. Hizo ni zetu Wakenya. Kuanzia Olimpiki ya 1984 mpaka ya 2016 dhahabu ya wanaume ilikuwa inakuja Kenya tu, mpaka Mmoroko Soufiane El Bakkali alipoichukua Tokyo mwaka 2021. Lakini hebu jiulize, nani aliyefikiria kumweka binadamu aruke vizuizi 28 na maji mara saba?

Mbio hizo ziliigwa kutoka kwa farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Ireland watu wawili walishindana kwa farasi kutoka mnara wa kanisa moja hadi mnara wa kanisa jingine, wakiruka kuta, mitaro na nyua za mashamba njiani. Mchezo ukakua. Mashindano yanayojulikana zaidi mpaka leo ni yale ya Aintree karibu na Liverpool, Uingereza, yanayoitwa Grand National, yaliyoanza mwaka 1839. Farasi huzunguka mara mbili, karibu kilomita 7, na huruka vizuizi 30.

Sasa tofauti ni hii. Mwanariadha wetu akianguka kwenye maji anaamka. Akiumia goti anakaa kando, anamwambia kocha, "Leo sitaki." Farasi hana mdomo huo. Akivunjika mguu, mara nyingi hauungiki, kwa sababu ni mnyama mzito na hawezi kulala kitandani miezi mitatu. Huwekewa pazia pale pale uwanjani na kuuliwa.

Mwaka 2012 walikufa wawili katika mbio hizo, Synchronised na According to Pete. Mwaka 2013 waandalizi wakabadilisha vizuizi, wakatoa mbao ngumu zilizokuwa ndani na kuweka plastiki inayokunjika. Mwaka 2023 farasi aitwaye Hill Sixteen akafa kwenye kizuizi cha kwanza kabisa, siku ambayo waandamanaji waliingia uwanjani na mbio zikachelewa. Mwaka 2024 idadi ya farasi ikapunguzwa kutoka 40 hadi 34, na kizuizi cha kwanza kikasogezwa karibu na mwanzo ili wasifike pale na kasi kubwa. Hizo ni hatua nzuri, tuseme kweli. Lakini mbona zilichukua miaka yote hiyo?

PESA INATAKA NINI

Ndugu zangu, hapa ndipo mada yetu ilipo. Grand National ndiyo siku ambayo hata Mwingereza asiyecheza kamari mwaka mzima huweka dau. Na mchezo wa kamari una hamu yake. Hautaki mshindi ajulikane mapema. Ikiwa farasi mmoja ni bora kuliko wengine na kila mtu anajua, nani ataweka pesa kwa wale wengine?

Basi wanafanya nini? Wanampa mzigo. Farasi aliye bora hubebeshwa uzito zaidi, wengine hupunguziwa, ili nafasi zikaribiane. Tena wakiwa wengi uwanjani ndivyo kubahatisha kunavyokuwa kugumu, na ndivyo dau linavyonoga. Lakini wakiwa wengi ndivyo wanavyogongana na kuangukiana. Mnaona? Kile kinachomfurahisha mwenye dau ndicho kinachomhatarisha mnyama.

Kuna mtu ataniuliza, "Ustadh, si pesa hiyo hiyo ya kamari ndiyo inayolipa madaktari wa farasi?" Ni kweli. Kule Uingereza sheria huwatoza wenye kampuni za kamari asilimia 10 ya faida yao ya mbio za farasi, ikizidi pauni 500,000, na pesa hizo hurudi kwenye mchezo, zikiwemo za matibabu na utafiti. Lakini zinaingia kwenye zawadi za mbio pia. Kwa hivyo mchezo wenyewe unakaa mfukoni mwa kamari. Mtu akikuumiza kisha akakununulia bendeji, utamshukuru kwa bendeji, lakini swali la kidonda liko pale pale.

MTUME (S.A.W.) NA MBIO ZA FARASI

Msije mkatoka hapa mkasema nimeharamisha mbio. Hapana. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Umar kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindanisha farasi pale Madina, na Ibn Umar alikuwa mmoja wa walioshiriki. Na angalieni jinsi alivyopanga. Farasi waliozoezwa walikimbia masafa marefu, kutoka Hafya mpaka Thaniyatul Wadaa. Wale ambao hawajazoezwa walipewa masafa mafupi, kutoka Thaniyatul Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Kila mnyama kwa kadiri ya uwezo wake. Zaidi ya miaka 1400 iliyopita, mnyama alitazamwa kwanza ndipo mbio zikapangwa.

Katika Musnad ya Imam Ahmad imekuja pia kwamba farasi ni wa aina tatu, na mmoja kati yao ni farasi wa shetani, naye ni yule anayechezewa kamari. Farasi hana kosa. Kosa ni la yule aliyemfanya chombo.

Na kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Hii maisir iliyokatazwa katika Qur'ani, Waarabu wa wakati wa ujinga waliichezaje? Walikuwa wakichinja ngamia, wanamgawa mafungu, kisha wanapiga kura kwa mishale kuona nani amepata nani amekosa, na aliyekosa ndiye analipa. Mnyama alikuwa amekufa kabla ya mchezo kuanza! Kwa hivyo kamari na damu ya mnyama ni majirani wa zamani.

MTASEMA, SISI HUKU TUNA FARASI GANI?

Kweli, farasi wa mbio wako Nairobi, uwanja wa Ngong, ambako wanashindana tangu 1954. Kijana wa Mutomo au wa Kibwezi anaweza kuzeeka bila kumgusa farasi. Lakini ingia duka la kamari mjini utamwona ameinua shingo kwenye skrini, anapiga kelele, "Namba nne! Namba nne!" Wale farasi wengine wala si farasi. Ni picha za kompyuta. Hawapumui, hawachoki, na mbio moja ikiisha baada ya dakika chache inaanza nyingine. Pesa aliyoitoa ndiyo ya kweli peke yake pale ndani.

Sisi mnyama wetu ni punda, ing'oi. Huyu ndiye amelea Ukambani. Mito yetu mingi hukauka, mama anachimba mchanga mpaka maji yatoke, anajaza mitungi, na punda anapanda nayo mlima. Mitungi minne ya lita 20 ni kilo 80, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Hapati zawadi, hapigiwi makofi.

Nitawasimulia kisa kimoja, na mwenyewe simtaji. Alikuwa kijana wa pande za Makueni, tulisoma naye madrasa. Mwaka 2018 alikuwa ameingia kwenye kubeti mpaka shingoni. Alianza na mpira, akahamia kwa farasi wa skrini kwa sababu hawa hawangoji Jumamosi. Akakopa kwa simu, akakopa kwa marafiki. Siku moja mama yake alikwenda kumwona mgonjwa, akalala huko. Aliporudi, zizi lilikuwa tupu. Kijana alikuwa amemuuza punda kwa dalali.

Na mnakumbuka wakati ule madalali walikuwa wakiwapeleka wapi. Machinjio ya punda yalikuwa yamefunguliwa nchini tangu 2016, na ngozi zilikuwa zinakwenda China kutengenezewa dawa. Punda waliibwa kila mahali. Serikali ikatangaza kuyafunga Februari 2020, mahakama ikaitengua amri hiyo 2021, na mwaka 2024 Umoja wa Afrika ukapiga marufuku biashara hiyo ya ngozi kwa miaka 15. Hesabu ya taifa ya 2009 ilipata punda zaidi ya milioni 1.8. Ile ya 2019 ikapata kama milioni 1.2.

Zile pesa za punda hazikumaliza wiki. Mimi nilimkuta yule mama njiani, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Alikuwa na umri wa mama yangu. Nikamwamkia, nikachukua mtungi. Hakumlaani mwanawe. Aliniambia hivi tu: "Mwanangu, yule punda alikuwa ananijua nikikohoa." Mpaka leo neno hilo halijanitoka.

Sasa niambieni, yule punda alijua kuna dau? Mama alijua? Aliyecheza ni mmoja, waliolipa ni wawili.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuwatendee haki wanyama tulio nao. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia bustani ya mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia analia machozi. Akampangusa, kisha akamuuliza mwenyewe kama hamwogopi Mwenyezi Mungu, kwa kuwa ngamia ameshitaki kuwa anashindishwa njaa na kuchoshwa. Vijana wenzangu, sisi tumefunga na tumenuia, na malipo yetu yako kwa Mola wetu. Punda hakunuia. Anywe maji kabla hujampakia. Punguza mtungi mmoja. Angalia mgongo kama una kidonda, weka gunia laini. Fimbo iache nyumbani. Hata sheria ya Kenya, Sura ya 360, imeharamisha kumtesa mnyama na kumbebesha kupita kiasi.

Pili, aliyenaswa asijifiche. Serikali imepitisha Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, lakini hakuna polisi atakayelala na simu yako. Futa hiyo programu leo kabla ya Magharibi. Mwambie mtu mmoja unayemheshimu, awe mzazi, mwalimu au imamu, muorodheshe madeni pamoja. Na sisi wengine tusimcheke. Yule rafiki yangu tulimcheka kwanza, na kicheko chetu ndicho kilichomrudisha kule dukani akajaribu kukomboa alichopoteza.

Tatu, tuwe na michezo yetu. Lamu wana mbio za punda kwenye sherehe za Maulidi, na mji mzima hutoka kushangilia. Pale pale Lamu kuna zahanati ya punda tangu 1987, inayotibu bure, na huandaa mashindano ambapo anayeshinda ni mwenye punda aliyetunzwa vizuri zaidi. Huyo ndiye bingwa ninayemtaka! Kwa nini Idd hii tusifanye hivyo hapa Kitui, na mwaka ujao Wote au Makindu? Tumwalike daktari wa mifugo aangalie kwato, meno na mgongo. Zawadi itoke kwa chama au kwa wafadhili. Washiriki wasichange pesa ili mmoja azichukue zote, kwani hapo tutakuwa tumerudi kule kule tulikotoka. Gunia la unga na tangi la maji vinatosha.

Rafiki yangu yule, Alhamdulillah, aliacha. Ilimchukua karibu miaka miwili ya kufyatua matofali kulipa madeni. Na pesa ya kwanza iliyobaki mkononi, alikwenda mnadani akamnunulia mama yake punda jike. Juzi nilipita pale, nikakuta ana mtoto.

Tumuombe Mwenyezi Mungu (S.W.) azikubali saumu zetu, atuepushe na riziki ya haramu, awaongoze ndugu zetu walionaswa, na atujaalie huruma kwa kila kiumbe asiyeweza kujisemea. Aamin.

Wabillahi Tawfiq. Assalaam Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.