Mtu si Doa
Hotuba kwa wapenda mageuzi na waumini, Eldoret



Neno tulilo nalo ni fupi, lakini mji huu umelilipia kwa damu.

Kila msimu wa kampeni ukiwadia, huzuka wasemaji wasiomtaja jirani kwa jina lake. Humwita doa, au kwekwe, au mtu wa kuja. Tulitafakari neno hilo. Doa haliuawi, ndugu zetu, doa husafishwa. Kwekwe haiuawi, hung'olewa. Msemaji amekwisha kuubadili uovu ukawa kazi ya nyumbani na ya shamba, hata kijana anayebeba kiberiti ajione anafagia ua wake. Hapo ndipo mauaji yanapoanza, siku nyingi kabla ya mshale wa kwanza.

Tuikumbuke historia yetu. Mwezi Septemba 1991, wananchi walipodai vyama vingi, viongozi wa KANU waliitisha mikutano Kapsabet na Kapkatet, wakahubiri majimbo na kuwatisha waliowaita wageni. Tarehe 29 Oktoba mwaka uo huo, ghasia zikazuka katika shamba la Meteitei, wilayani Nandi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba, lakini moto haukuzimika. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu, mwaka 1992, watu 779 waliouawa. Na tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, kanisa la Kiambaa, hapa jirani, lilichomwa moto likiwa limejaa waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto.

Hata hivyo, mji huu umepata pia watu wa kuigwa. Askofu Alexander Kipsang Muge wa Anglikana aliwakemea watawala wakati wa chama kimoja. Waziri mmoja alimtisha hadharani kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 Agosti 1990 akafariki katika ajali ya barabarani akiwa njiani kurudi. Askofu Cornelius Korir wa Kanisa Katoliki, aliyefariki mwaka 2017, alifungua uwanja wa kanisa lake kuu la Moyo Mtakatifu, na maelfu ya waliofukuzwa makwao wakapata hifadhi mwaka 2008.

Wote wawili walikuwa Wakalenjin, na wengi wa waliokimbilia kwa Korir hawakuwa Wakalenjin. Hilo ndilo funzo kubwa. Anayetukanwa akilalamika, huambiwa anajitetea. Bali akisimama mtu wa upande ule ule unaodaiwa kutetewa, akasema, "Si kwa niaba yetu," msemaji hupungukiwa nguvu. Kwa hiyo kila mmoja wetu aanzie nyumbani kwake, kwa lugha ya mama yake.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 hakilindi matamshi ya chuki wala uchochezi wa ghasia. Sheria ya Uwiano ya 2008 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Neno "madoadoa" liliposikika jukwaani mjini humu mwezi Januari 2022, msemaji alikamatwa na akaomba radhi. Lakini sheria huja baada ya neno kutamkwa. Makofi huja papo hapo. Makofi hayo ni yetu, tunaweza kuyanyima.

Basi tunaombana mambo manne. Tusicheke wala tusipige makofi jirani anapotukanwa, hata na mgombea tunayempenda. Tuandike maneno yenyewe, mahali na tarehe, tuyapeleke kwa polisi na kwa Tume ya Uwiano na Utangamano. Makanisa yasimpe mimbari mwanasiasa yeyote, awe na mchango mkubwa kiasi gani. Na kabla ya siku ya kura, kila nyumba itembelee nyumba ya kabila jingine, wapeane ahadi ya kulindana.

Tulidai vyama vingi ili Mkenya achague bila hofu. Jirani akilazimika kufunga virago kabla ya kupiga kura, hayo si mageuzi tuliyoyapigania. Mtu si doa. Tuyaseme hayo wakati maneno bado yanatosha.