Kilima Hakipandwi kwa Ubishi

(Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo, Wilaya ya Lushoto)



Leo tuzungumze juu ya baiskeli na vilima. Sisi ni watu wa milimani. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 30, na sehemu kubwa ni kupanda tu. Viazi na kabichi zetu hupita njia za namna hiyo juu ya baiskeli. Mtu akifika juu, magoti yanamwuma na kifua kinamwaka. Anasema, "Sina nguvu." Pengine nguvu anazo. Ila baiskeli yake haikuwekwa tayari kwa kilima.

Haya, chukueni kalamu na daftari. Tufanye hesabu ya kugawanya.

Baiskeli ina meno mahali pawili. Kuna duara la meno la mbele, penye pedali. Kuna na lile dogo la nyuma, ambalo mafundi huliita friwili. Hesabu meno ya mbele, uyagawanye kwa meno ya nyuma. Jibu litakwambia gurudumu la nyuma huzunguka mara ngapi pedali zikizunguka mara moja.

Tuseme mbele kuna meno 44 na nyuma 16. Jibu ni 2 na robo tatu. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda mita 2 na kidogo. Basi mzunguko mmoja wa pedali unakupeleka kama mita 6. Kwenye tambarare ni raha. Kwenye kilima ni mateso.

Sasa tuweke nyuma meno 22. Jibu ni 2 kamili. Mzunguko mmoja unakupeleka mita 4 na nusu hivi. Mwendo umepungua, lakini mguu umepata nafuu. Pale ulipokandamiza kwa uzito wa kilo 11, sasa unakandamiza kwa kilo 8. Hakuna cha bure, ndugu zangu. Unapunguza mwendo, unapata wepesi.

Andikeni hivi: Meno machache nyuma, mwendo mkubwa, kazi nzito. Meno mengi nyuma, mwendo mdogo, kazi nyepesi.

Kubadili friwili ni kazi ya fundi wa baiskeli, na gharama yake ni ndogo kuliko kununua baiskeli mpya. Mnyororo huenda ukahitaji kuongezwa pingili. Mwulize fundi kabla hajaanza kazi.

Wenye baiskeli za giya nyingi, kwa kilima tumieni duara dogo mbele na kubwa nyuma. Badilisheni giya kabla ya kilima, miguu ikiwa bado myepesi. Ukibadili huku unakandamiza kwa nguvu zote, mnyororo huruka au hukatika.

Jambo la pili ni mwendo wa miguu. Wengi wetu tunakanyaga polepole kwa nguvu, kama mtu anayetwanga. Afadhali miguu izunguke upesi na kwa wepesi. Hesabu goti la kulia linapanda mara ngapi kwa dakika moja. Kwenye tambarare, mara 60 hadi 80 ni vizuri. Kilimani itapungua. Ikiwa chini ya 40 hivi, magoti yanabeba mzigo mkubwa mno. Weka giya nyepesi. Kama huna, shuka usukume.

Najua vijana watasema, "Mwanamume hashuki kwenye baiskeli!" Sikilizeni. Baiskeli yenye gunia ikienda polepole sana huyumba. Nyuma yako kuna lori. Nani atakusifu ukianguka mbele yake? Aliyeshuka akasukuma hufika sokoni, viazi vyake vizima, na kesho magoti yake bado yanalima.

Tena, anayepanda atashuka. Kagua breki zote mbili kabla hujafunga mzigo.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda shamba, kila mmoja ahesabu meno ya baiskeli yake. Asiye na baiskeli ahesabu ya jirani. Andika mbele ngapi, nyuma ngapi, ugawanye. Jibu likizidi 2 na nusu, na njia yako ya sokoni ni ya kupanda, zungumza na fundi.