Chemsha Kwanza, Gandisha Baadaye

Msikilizaji, mtindi unaokunywa umetokana na maziwa yaliyochemshwa? Uliza kabla hujanywa.

Wengi tunaamini kwamba maziwa yakishaganda, ule uchachu umeua kila kijidudu. Si kweli. Bakteria aitwaye brusela anaweza kubaki hai ndani ya maziwa yaliyoganda. Hutoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia aliyeambukizwa, na mnyama huyo anaweza kuonekana mzima kabisa. Maziwa yake hayabadiliki rangi wala harufu.

Ukiambukizwa, unapata homa inayokuja na kuondoka. Unatoka jasho usiku. Viungo na mgongo vinauma. Wengi hudhani ni malaria, wanameza dawa, na homa inarudi palepale.

Basi chemsha kwanza, gandisha baadaye. Yaache maziwa yachemke hadi yafure, yasipate joto tu. Yafunike, yapoe, kisha yatie kwenye chombo safi. Usiyachanganye tena na maziwa mabichi.

Wapo wanaosema maziwa yaliyochemshwa hayagandi. Yanaganda, tena vizuri! Yakiwa vuguvugu, tia kijiko cha mtindi uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, ukoroge, uyaache.

Na kama una homa isiyokwisha, nenda kituo cha afya. Mwambie daktari kwamba unafuga, au umekunywa maziwa mabichi. Usisubiri akuulize.

Chemsha kwanza, msikilizaji, hata kama maziwa ni ya ng'ombe wako mwenyewe.