UMEME WETU NA MTO MMOJA
(Hotuba kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya shirika letu la umeme, TANESCO. Nitagusa historia yake, kisha niwaachie vijana swali moja.

Mwaka 1931 ziliundwa kampuni mbili za binafsi za kuuza umeme. Kampuni ya binafsi hupeleka nguzo palipo na faida. Mwaka 1964 Serikali ilizinunua, na mwaka 1968 zikawa shirika moja la Taifa zima. Mwaka 1964 mitambo ya Hale, katika Mto Pangani, ilianza kazi ikiwa na megawati 21. Kidatu ilifuata mwaka 1975, na baadaye ikafikia megawati 204. Bwawa la Mtera lilijengwa ili kuiwekea Kidatu akiba ya maji. Mitambo yake yenyewe, megawati 80, ikaja mwaka 1988. Kihansi, megawati 180, ilikamilika mwaka 2000. Mwaka 2024 mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzunguka. Mashine zake ni tisa, jumla megawati 2,115: zaidi ya Kidatu kumi!

Sasa vijana, fungueni ramani. Mtera na Kidatu ziko katika Mto Ruaha Mkuu. Maji ya Kihansi huingia Kilombero. Ruaha na Kilombero zote huishia Rufiji, na huko ndiko liliko bwawa jipya. Basi tone moja lipitalo Mtera huzungusha mitambo mara tatu kabla ya kufika baharini. Tone hilo likipotea huko juu, tumelipoteza mara tatu.

Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi chini ya bonde la Usangu. Mwaka 2006 ukame ulituletea mgao mkali wa umeme. Wataalamu hawakukubaliana: wengine walilaumu mifereji ya mpunga, wengine walitaja namna maji ya bwawa yalivyotumiwa. Mkulima wa Usangu naye ni mwananchi. Mpunga wake tunaula sisi sote.

Ni kweli sasa tuna gesi pia, tangu ile ya Songo Songo ilipoanza kutumika mwaka 2004. Lakini tegemeo letu kubwa limebaki bonde moja. Swali langu ni hili: nani atayagawa maji hayo kwa haki? Fundi wa mitambo peke yake hawezi, wala bwana shamba peke yake, wala mpima mito. Leo hao watatu wameketi dawati moja katika shule hii. Wazoee kusikilizana tangu sasa.