Moshi Unakwenda Wapi?

Asubuhi hii wengi wetu tumekwisha kuwasha jiko. Moshi umepanda, umepita paani, nasi tumeusahau. Je, unakwenda wapi?

Pamoja na moshi hupanda hewa isiyoonekana, yaani hewa ya ukaa. Mti ulipokuwa hai uliivuta hewa hiyo kwa majani yake, na kwa nguvu ya jua ukajijengea shina na matawi. Mbuzi alikula majani, nasi tukala mbuzi. Ukaa ule umo miilini mwetu, na tunapopumua twaurudisha hewani, mti mwingine uupokee. Ndivyo Muumba alivyopanga: kila apokeaye hutoa.

Lakini sisi wanadamu tumeiharibu mizani hiyo. Mti uliokua miaka 30 tunauteketeza tanurini kwa siku chache. Makaa ya mawe na mafuta, yaliyolala ardhini mamilioni ya miaka, tunayachoma. Kabla ya wakati wa viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, kama 280 zilikuwa hewa ya ukaa. Mwaka 1958, vipimo vya mlima Mauna Loa, Hawaii, vilionyesha kama 315. Mwaka 2024 zilipita 420. Hewa hiyo huzuia joto kama blanketi, na dunia inazidi kupata joto.

Labda mama mmoja auliza, "Mchungaji, nikiacha makaa, watoto wangu watakula nini?" Mama, swali lako ni la haki. Wenye viwanda vikubwa wamechoma kukupita mara nyingi sana. Hata hivyo, tuwatazame ndugu zetu wa Gazi, kule Kwale. Tangu mwaka 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wanailinda na kuipanda mikoko, ambayo huzika ukaa topeni. Watu wa mbali hulipia ukaa huo uliohifadhiwa, na fedha zake zimewaletea wenyeji maji na vitabu vya shule. Mti uliosimama umewalisha pia.

Basi wapenzi, tukikata bila kupanda, tunakopa kwa watoto wetu, nao hawakuulizwa. Tukitoka hapa, kila nyumba ipande mti mmoja, na iutunze hata ukue. Bwana atusaidie kulilipa deni hili. Amina.