Je, Kocha Wako Anakutunza au Anakumaliza?

Leo tunazungumza na vijana, wa kiume na wa kike, wanaojitayarisha kupanda jukwaani katika mashindano ya kutunisha misuli.

Zamani watu walidhani mashindano haya ni ya wanaume wenye vifua kama milango. Mambo yamebadilika. Katika mashindano makubwa ya Olympia huko Marekani, kitengo cha akina dada kiitwacho Bikini kiliingizwa mwaka 2010, na kile cha wanaume wanaovaa kaptura, Men's Physique, mwaka 2013. Vitengo hivi havidai mwili mkubwa sana, na vimewavutia vijana wengi ambao zamani wasingethubutu. Wengi wao hutafuta kocha. Wanamlipa kila mwezi, anawatumia ratiba ya chakula na mazoezi kwa simu, nao kila wiki wanampelekea uzito wao na picha. Wengine hawajawahi hata kukutana naye ana kwa ana. Sasa utajuaje kama mtu huyu anakutunza au anakumaliza?

Kwanza tuondoe dhana moja. Mwili wa kocha si cheti. Misuli yake inakuonyesha alivyozaliwa, bidii yake, na pengine dawa anazotumia. Vikombe vyake vinakuambia kwamba yeye aliwahi kushinda. Havikuambii jinsi anavyowatunza watu wengine. Kabla hujatoa pesa zako, watafute aliowatayarisha mwaka jana, na usiishie kwa yule aliyeshinda. Mtafute aliyekuwa wa mwisho. Muulize: baada ya mashindano ulikuwaje? Je, kocha bado anapokea simu yako?

Kisha sikiliza maswali anayokuuliza siku ya kwanza. Kocha mzuri atataka kujua kama una presha, kisukari, pumu au ugonjwa wa figo, na kama kuna mtu wa ukoo wenu aliyefariki ghafla kwa moyo. Atauliza unatumia dawa gani, unafanya kazi gani, unalala saa ngapi. Dada atamuuliza kama hedhi yake inakuja kwa mpango. Atauliza pia kama umewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula au kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Mtu mwenye historia hiyo, mashindano haya yanaweza kuuamsha ugonjwa wake upya, na kocha mwenye busara atamwambia wazi kwamba jukwaa halimfai kwa sasa, hata kama yeye mwenyewe anakosa malipo. Mwingine hakuulizi lolote ila urefu, uzito na tarehe ya mashindano. Baada ya dakika kumi unapokea ratiba. Linganisha ratiba hiyo na ya mwenzako. Ukiona zinafanana neno kwa neno, yeye akiwa na kilo 95 na wewe 62, basi umenunua karatasi ya kunakili.

Tuje kwenye mwendo wa kupunguza mafuta. Wataalamu wa lishe ya michezo wanapendekeza mtu apunguze kati ya nusu na asilimia moja ya uzito wake kwa wiki. Mtu wa kilo 80 basi apunguze gramu 400 hadi 800. Akitaka kupunguza kilo 10, anahitaji kama miezi mitatu hadi sita. Akienda mbio kuliko hapo, anapoteza misuli pamoja na mafuta, na hiyo misuli ndiyo aliyotaka kuionyesha! Kwa hiyo anayekuahidi kukutoa kilo 10 kwa wiki nne hajui kazi yake, au anaijua vizuri na hakujali.

Chakula chenyewe hakihitaji kutoka ng'ambo. Mayai, omena, samaki, kuku, maziwa na ndengu vina protini nzuri. Ugali na viazi vitamu havina kosa, kinachohesabiwa ni kipimo. Kocha akikukataza jamii nzima ya vyakula, muulize kwa nini. Na akikwambia hutafika popote bila kununua mkebe wa unga anaouuza yeye mwenyewe, jua unazungumza na mwenye duka.

(Muziki mfupi)

Msikilizaji, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kumtambua kocha, tazama anavyopokea habari mbaya.

Kujitayarisha kwa mashindano si jambo la kuongeza afya. Tusidanganyane. Hata likifanywa kwa uangalifu, mwili unaumia kwa muda. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mtunisha misuli mmoja asiyetumia dawa. Walimfuatilia miezi 12, sita kabla ya mashindano na sita baadaye. Mapigo ya moyo wake yalishuka kutoka 53 kwa dakika hadi 27. Homoni yake ya kiume ilishuka hadi kama robo ya ilivyokuwa mwanzo. Nguvu zake zilipungua. Homoni ilirudi kama miezi mitatu baada ya mashindano. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye afya, tena alikuwa anapimwa mara kwa mara. Fikiria kijana ambaye hakuna anayempima.

Kwa hiyo dalili zitakuja. Utasikia baridi wakati wenzako wanatokwa na jasho. Usingizi utakatika. Hasira zitakuwa karibu. Kijana wa kiume atapoteza hamu ya tendo la ndoa. Dada anaweza kukosa hedhi, na hapo nataka tusimame kidogo. Kuna makocha wanaowaambia akina dada kwamba hedhi ikikatika ni ishara kuwa mafuta yanaisha na kazi inaenda vizuri. Hiyo si kweli. Hedhi ikikatika, mwili unatangaza kwamba chakula hakitoshi kwa kazi unayofanya. Hali hii ikidumu, mifupa hudhoofika, tena katika umri ambao ingekuwa bado inajengwa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tahadhari kuhusu upungufu huu wa nguvu kwa wanamichezo wa kike na wa kiume pia.

Sasa chukua mfano wa dada anayemwandikia kocha wake: “Kocha, huu ni mwezi wa pili sijaona siku zangu, na nikisimama ghafla nasikia kizunguzungu.” Kocha mmoja atampigia simu siku hiyo hiyo. Atamwongezea chakula, atampunguzia mbio za asubuhi, atamwambia aende hospitali apimwe damu, tena ahakikishe si mimba. Na ikibidi atamwambia, “Mashindano haya tuyaache, tutajaribu mwakani.” Kocha mwingine atamjibu, “Unataka kushinda au unataka kulala? Ongeza nusu saa.” Wote wawili wanajua kupanga ratiba. Huyu wa pili amemfundisha dada jambo moja la hatari, kwamba kusema ukweli kunaadhibiwa. Wiki ijayo dada hatasema kitu.

Mkemeaji wa namna hii huwa na alama nyingine. Uzito ukipungua, sifa ni zake. Usipopungua, wewe ndiye umekula kwa siri. Hataki uzungumze na daktari wala na kocha mwingine, anasema watakuchanganya. Ratiba inabaki siri baina yenu. Ukiuliza sababu ya jambo, anakasirika. Mtu anayejua kazi yake hukueleza kwa lugha unayoielewa, na akifika mwisho wa ujuzi wake anakutuma kwa mwenye ujuzi.

Na zile picha za kila wiki? Picha za maendeleo ni jambo la kawaida katika mchezo huu, hupigwa na mavazi ya mashindano, mbele, ubavuni na mgongoni. Kocha anayedai picha za uchi, au anayetaka kukupima viungo mkiwa peke yenu mlango umefungwa, amekwisha kuvuka mpaka. Ana kosa la kujibu hata kama anaitwa bingwa. Akina dada, nendeni na mtu wenu. Na picha zako zisitumiwe kutangaza biashara yake bila idhini yako.

Sasa tuzungumzie dawa. Kocha akikupa tembe zilizofungwa kwenye karatasi bila jina, au chupa ya sindano isiyo na maandishi, usitumie. Hana leseni ya kutoa dawa. Steroidi humkausha mwanamume mbegu na kupanua moyo. Mwanamke humtoa ndevu na kumfanya sauti kuwa nzito, na sauti hiyo huenda isirudi tena hata akiacha. Insulini, dawa inayowaokoa wenye kisukari, ikiingizwa kwa mtu asiye na ugonjwa huo inaweza kushusha sukari ya damu hadi azimie na afe. Ipo pia kemikali ya kuchoma mafuta iitwayo DNP, iliyopigwa marufuku nchini Marekani kuliwa na binadamu tangu mwaka 1938 kwa sababu ilikuwa inawaua watu kwa joto la mwili wao wenyewe. Bado inauzwa kwa njia za panya. Na wanaochangia sindano jimu wakumbuke kwamba virusi vya ukimwi na homa ya ini havibagui mwenye misuli. Hapa kwetu sheria ya mwaka 2016 imelipa shirika la ADAK uwezo wa kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni. Mwanamichezo akipatikana nazo, kusema “kocha ndiye aliyenipa” hakumwondolei lawama.

Wiki ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote. Wapo makocha wanaomwambia mtu aache chumvi kabisa, anywe maji kwa ndoo siku kadhaa, kisha ayakatize ghafla na kumeza dawa za kuongeza mkojo, zile anazopewa mgonjwa wa presha au wa moyo. Wanasema maji yaliyo chini ya ngozi yatatoka na misuli itaonekana kama imechorwa. Lakini mwili hauwezi kuchagua maji ya ngozi pekee. Misuli yenyewe ni maji kwa karibu robo tatu. Ukikauka, nayo inanywea, na damu inakuwa nzito. Washindani wengi hupanda jukwaani wakionekana wabaya kuliko walivyokuwa siku tatu kabla. Hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba chumvichumvi za damu, hasa potasiamu, zikivurugika, moyo hupoteza mpigo wake.

Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alikuwa miongoni mwa watunisha misuli bora duniani. Alifariki Oktoba 1992 baada ya mashindano nchini Uholanzi, na kifo chake kilihusishwa na dawa hizo za kutoa maji. Andreas Münzer wa Austria, aliyesifiwa kwa kuwa na mwili mkavu kuliko wenzake, alifariki Machi 1996 mjini Munich akiwa na umri wa miaka 31. Viungo vyake vya ndani vilishindwa kimoja baada ya kingine. Hawa walikuwa mabingwa waliozungukwa na watu wenye uzoefu.

Kocha mzuri huwa na kazi kidogo wiki hiyo, kwa sababu mafuta yamekwisha kutoka wiki nyingi kabla. Anabadilisha mambo machache tu, chumvi na maji vinabaki karibu na kawaida, na muda wenu mwingi unatumika kurekebisha pozi. Pozi ni jambo ambalo vijana wetu hulidharau, kumbe waamuzi hawana kingine cha kutazama.

Ukiona moyo unarukaruka, misuli inakakamaa, unachanganyikiwa, mkojo umekuwa na rangi ya chai au umekatika, usingoje ruhusa ya kocha. Nenda hospitali upesi, na umwambie daktari kila kitu ulichomeza au kudungwa. Hatakupeleka polisi. Anataka tu kujua pa kuanzia.

Nimesema muulize yule wa mwisho alikuwaje baadaye. Sababu ni hii. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula kwa miezi sita. Walipoachiliwa kula, baadhi yao walikula bila kushiba, na chakula ndicho kilichojaza mawazo yao kwa muda mrefu. Mshindani hupitia kitu kinachofanana na hicho. Usiku wa mashindano anakula kila kitu, miguu inavimba, ndani ya wiki chache uzito umerudi na zaidi, naye anaona aibu kujitazama kwenye kioo. Wakati huo kocha wengi wao wamekwisha hamia kwa wateja wengine. Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza: ratiba yangu inaishia siku ya mashindano, au kuna ya wiki nane au kumi baada yake? Jibu hilo litakutosha kuamua.

Kama una kocha sasa hivi na umesikia alama mojawapo tulizotaja, unaweza kusimamisha malipo yako leo na kwenda kituo cha afya kilicho karibu nawe kupimwa presha, figo na damu. Katika kipindi kijacho tutazungumza kuhusu maumivu ya mgongo kwa wanaobeba mizigo sokoni. Hadi hapo, kwaherini.